Tupimwe kwa kinachobaki mfukoni, si kwa paa la nyumba

Mimi naamini kila mtu alipe bima ya afya kulingana na uwezo wake, na hilo silibadilishi hata watu wa baraza ya hapa mtaani wanisute vipi. Enzi za NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya afya hapa Kenya, mtu asiye na mshahara alikuwa analipa 500 kwa mwezi, awe anasukuma mkokoteni wa machungwa ama ana malori matatu ya mchanga, wote 500, na hiyo haikuwa haki hata kidogo. Tangu Oktoba 2024 tuko kwa SHA, mamlaka mpya iliyochukua nafasi yake, ni asilimia 2.75 ya mapato na chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Mwenye elfu hamsini anatoa 1,375, mwenye laki moja 2,750. Hapo sina neno.

Neno langu ni kwa sisi tusio na peslipu. Wa mshahara anakatwa juu kwa juu na mambo yameisha, lakini sisi tunaulizwa maswali kwa simu, paa ni la nini, kuta ni za nini, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mko wangapi, halafu mtambo unakadiria una uwezo gani na unakutolea bei. Yaani nyumba ndiyo inakusemea.

Sasa njoo hapa Mombasa. Kuna mama mmoja mtaani anauza viazi karai nje ya shule, anaamka saa kumi kumenya viazi na kukoroga unga wa dengu, jua likitoka karai iko motoni. Anaishi nyumba ya mawe, sakafu ya simiti, ukiiangalia unasema huyu mambo yake safi. Lakini nyumba ni ya marehemu babake, wamezaliwa saba, mirathi haijagawanywa hadi leo na hawezi kuuza hata tofali. Hizo kuta hazimpi shilingi, kila mwaka zinamdai chokaa tu! Na mwenzake aliyepanga chumba cha mabati huenda anaingiza mara mbili yake.

Halafu kuna hili la mauzo na faida, na hapa hata sisi wenyewe tunajichanganya vibaya sana. Tuseme huyo mama anauza 3,000 kwa siku. Siku ishirini na nne ni 72,000, ukipiga 2.75 inatoka 1,980 kwa mwezi, na akiulizwa haraka haraka unaingiza ngapi atataja hiyo elfu tatu manake ndiyo anayoiona ikipita mkononi. Lakini toa viazi, toa mafuta (mafuta ndiyo yanamla), toa unga, makaa, ndimu, kijana anayemsaidia, inabaki kama 750. Hiyo ni 18,000 kwa mwezi shule zikiwa wazi. Shule zikifungwa anahamia barabarani na akibahatika anapata elfu tano mwezi mzima. Sasa piga hesabu ya mwaka, miezi tisa ya 18,000 na mitatu ya 5,000, jumla 177,000, gawa kwa kumi na mbili unapata 14,750. Asilimia 2.75 yake ni 405 na senti. Kutoka 1,980 hadi 405, mtu ni yuleyule na karai ni ileile.

Ndio maana nasema kila mwenye biashara ndogo aweke daftari, hata la shilingi ishirini, aandike kilichoingia na kilichotoka, na miezi mibaya aiandike pia, hiyo hasa asiiruke. Msitegemee meseji za M-Pesa peke yake, mle ndani kuna pesa ya chama, kuna ya jirani aliyeomba utoe kwa niaba yake, kuna aliyotuma mtoto wako wa Nairobi ukampelekee bibi yake, zote zinaonekana kama zako.

Wako wanaoshauriana wajibu uongo, sema unakaa nyumba ya udongo, sema huna hata mbuzi, utaangukia 300. Hapana jamani. Hayo malipo ndiyo yanamlipia mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kila wiki, na mwenye malori matatu akijifanya maskini ni yule wa mkokoteni anayebeba mzigo. Kwenye matanga tunatoa kila mtu kwa kadiri yake bila kulazimishwa na mwenye nacho akitoa hamsini anaona haya, basi haya hiyo tuje nayo huku pia.

Ila na serikali nayo isikie. Kumwambia muuza viazi alipe ya mwaka mzima kwa mpigo ni kumfungia mlango, hata ile ya chini kabisa ni 3,600, na hiyo pesa ndiyo mtaji wake wa unga na mafuta. Kipato kinakuja kwa siku, basi aruhusiwe kutoa kidogo kidogo bila kuingizwa kwenye mkopo, shule zikifunguliwa atoe zaidi, zikifungwa apumue. Na bei iliyotolewa na mtambo isiwe ndiyo neno la mwisho, mtu aweze kwenda na daftari lake mbele ya afisa, akae chini, wapige hesabu pamoja kurasa kwa kurasa, na ikionekana kadirio lilikosea, libadilishwe hapo hapo.