Grafu ya Morogoro na maana ya kazi ya data

Mwaka 2011 Jeff Hammerbacher, aliyewahi kuongoza timu ya data ya Facebook, alilalamika kwamba akili bora za kizazi chake zinatumika kutafuta namna ya kuwafanya watu wabofye matangazo. Vijana wetu wanaoingia fani ya uchambuzi wa data wanalifahamu lalamiko hilo hata kama hawajalisikia. Walitarajia kutatua mafumbo, wakajikuta wanashinda siku nzima wakisafisha majedwali yaliyojazwa ovyo.

Wapo wanaowajibu hivi: kazi ni riziki, maana itafute nyumbani, msikitini au kanisani. Jibu hilo si la kubeza. Anayesomesha wadogo zake kwa mshahara wa kampuni ya mikopo ya simu hastahili kuhubiriwa. Tena mchambuzi hana mamlaka. Bosi akikataa, ripoti inalala.

Upande wa pili, unaosema kazi ya data yenyewe ina maana, haueleweki kwa sababu watetezi wake hukimbilia mifano ya akili unde na satelaiti. Mimi hurudi kwenye TEHIP, mradi wa kupanga huduma za afya wilayani wa Wizara ya Afya ya Tanzania na IDRC, shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo, ulioendeshwa Morogoro Vijijini na Rufiji kuanzia miaka ya 1990. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na alikuwa na dalili gani, maana wengi walifia nyumbani na hospitali haikuwa na habari zao. Majibu yakageuzwa grafu nyepesi ambazo timu ya afya ya wilaya ingeweza kuzisoma yenyewe. Ikaonekana kwamba Morogoro malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, yaani miaka ambayo watu wangeishi kama wasingekufa mapema, lakini katika bajeti ya afya ya 1996 ilipewa asilimia 5.

Thelathini kwa tano. Waganga wa wilaya waliijua malaria. Nani Morogoro asiyeijua homa ile? Walichokosa ni kuyaona maradhi na fedha vimewekwa ubavu kwa ubavu. Kifua kikuu nacho, chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo iliyopotea, kilichukua asilimia 22 ya fedha. Kulijua hilo kulihitaji kujumlisha na kugawanya tu. Ugumu ulikuwa kumuuliza mfiwa kwa adabu, kuandika sawasawa na kuhakiki kila fomu, yaani kazi ileile inayowavunja moyo vijana.

Bajeti ilipangwa upya, kwa nyongeza isiyofika dola 1 kwa mkazi. Fedha zikaelekezwa kwenye vyandarua vyenye dawa na mafunzo ya kutibu watoto, na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika takriban miaka 5. Kazi hiyo waliifanya wahudumu wa afya, si wachambuzi, na halmashauri zilikuwa na fedha za kuamulia. Hapo wanaosema mchambuzi hana mamlaka wana haki kabisa.

Ndiyo maana kijana anayetafuta kazi ningemtaka aulize, kabla ya mshahara: nitakachokokotoa atakisoma nani, na anaweza kubadilisha nini? Hata kwenye kampuni ya mikopo swali hilo lina uzito. Anayeona kwenye jedwali kwamba wateja fulani wanakopa tena siku ileile waliyolipa amejua jambo kabla ya mkurugenzi, na anaweza kuliweka mezani pamoja na hesabu ya riba waliyokwisha kulipa.