Kwanini bei zinapanda kwenye nchi ambayo haijagombana na mtu

Kila vita vikianza huko duniani kuna swali moja watu wanauliza, na wana haki kabisa ya kuliuliza kwa hasira: sisi hatujarusha hata jiwe, hatujamchokoza mtu, sasa mbona sisi ndo tunalipa? Na jibu wanalopewa huwa fupi, "ni vita", basi, kikao kimefungwa. Mimi hilo jibu limenichosha. Sisemi ni uongo, vita vinapandisha bei kweli, ila kati ya bomu lililoanguka kule na bei iliyopanda huku kuna mikono mingi imepita, kila mkono umeongeza cha kwake, na kuna maamuzi ambayo yalitakiwa kufanywa miaka mingi kabla ya hilo bomu na hayakufanywa. Hayo ndo nataka tuyaongelee.

Tuanze na mafuta. Kati ya Iran na Oman kuna mlango bahari wa Hormuz, pale penye wembamba zaidi ni kama kilomita 33 tu, na njia zenyewe za meli ni kama kilomita 3 za kuingia na 3 za kutoka. Mwaka 2024 palikuwa panapita karibu mapipa milioni 20 kwa siku, yani kwenye kila mapipa matano yanayotumika duniani moja limepita hapo, na gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika ili ipakiwe melini nayo karibu moja ya tano, nyingi ikitoka Qatar. Sasa kuna watu wanaamini kwamba kama nchi yao hainunui mafuta huko basi wako salama. Hapana jamani. Aliyekosa kule anakuja kununua pale unaponunua wewe, mnaanza kugombania pipa lilelile na muuzaji anampa mwenye hela nyingi, kwa hiyo bei inapanda kwa wote, hata nchi inayochimba mafuta yake yenyewe wananchi wake wanajikuta wananunua kwa bei ya dunia isipokuwa serikali ikubali kubeba tofauti.

Halafu bei haisubiri mafuta yapungue kwanza. Septemba 2019 mitambo ya Abqaiq na Khurais kule Saudi Arabia ilishambuliwa, uzalishaji wa karibu mapipa milioni 5.7 kwa siku ukasimama, soko lilipofunguliwa Jumatatu bei ikaruka kama asilimia 15 kwa siku moja, na siku hiyo mafuta yaliyokuwa kwenye matangi ya nchi mbalimbali yalikuwa yaleyale ya wiki iliyopita, yaliyonunuliwa kwa bei ya wiki iliyopita. Machi 2022, wiki mbili tu baada ya Urusi kuivamia Ukraine, mafuta ya Brent, yale ambayo bei yake ndo inatumika kama kipimo cha soko la dunia, yaligusa karibu dola 139 kwa pipa. Baadaye ikaja kuonekana kwamba mafuta ya Urusi kwa sehemu kubwa hayakupotea sokoni, yalibadilisha njia tu, yakaanza kwenda kwa wingi India na China. Kwa hiyo kuna hela nyingi sana zilizolipwa na watu wa kawaida mwaka ule kwa ajili ya upungufu ambao wafanyabiashara waliuogopa na haukuja kutokea kwa ukubwa ule, na sijawahi kusikia mtu amerudishiwa chenji.

Alafu kuna bima, hii watu hawaiongelei kabisa. Meli ikitaka kupita kwenye bahari yenye hatari, bima yake ya kawaida haitoshi, mwenye meli analipa nyingine ya vita, na hiyo inahesabiwa kwa thamani ya meli nzima na kwa safari moja tu. Wakati Wahouthi wa Yemen wanashambulia meli kwenye Bahari ya Shamu, kuanzia Novemba 2023, hiyo bima ilifika mpaka karibu asilimia 1. Chukua meli ya dola milioni 100, hapo unaongelea dola milioni moja kabla haijatoka bandarini, na safari ijayo unalipa tena. Ndo maana kampuni nyingi ziliamua bora kuzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, siku 10 mpaka wiki mbili zaidi baharini, mafuta zaidi, mishahara zaidi, na meli ileile ambayo ingefanya safari kadhaa kwa mwaka sasa inafanya chache, kwa hiyo meli zinaonekana haba na nauli ya kontena inapanda hata kwenye njia ambazo haziko karibu kabisa na Yemen. Iangalie Misri, haikuwa upande wowote kwenye ule mzozo wa baharini, lakini mapato yake ya Mfereji wa Suez yalitoka zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023 yakaanguka mpaka karibu bilioni 4 mwaka 2024. Hizo ni dola ambazo nchi ilikuwa inazitegemea kununulia vitu vya nje.

Na dola ni mkono mwingine. Mafuta yananunuliwa kwa dola. Mwaka 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kupambana na mfumuko wa bei wa kwao, ambao Juni ulifika asilimia 9.1, hela za dunia zikakimbilia Marekani kufuata hiyo riba, dola ikapanda mpaka kiwango ambacho kilikuwa hakijaonekana kwa miaka 20 hivi. Sasa wewe nchi inayoagiza mafuta unapigwa mara mbili kwa wakati mmoja, pipa limepanda bei kwa dola na dola yenyewe imepanda kwa hela yako. Ndo maana unaweza kusikia kwenye taarifa mafuta yameshuka soko la dunia na kwenu hayajashuka, ukadhani ni wizi mtupu. Wakati mwingine ni wizi kweli, lakini wakati mwingine ni hiyo dola.

Watu wakiongelea mafuta wanaongelea petroli kwa sababu ndo inaonekana, lakini mimi naangalia dizeli. Petroli inamgusa mwenye gari. Dizeli iko kwenye lori, kwenye trekta, kwenye pampu ya maji, kwenye jenereta ya hospitali, kwenye mitambo ya kuchimba barabara, iko ndani ya kila kitu kilichosafirishwa hata kama hicho kitu chenyewe hakijui mafuta ni nini. Ikipanda haikuletei risiti yake peke yake, inajificha kwenye bei ya sabuni, ya daftari, ya dawa, mtu anashangaa mbona kila kitu kimepanda kidogo kidogo na hakuna aliyemtangazia.

Lakini kama kuna kitu kimoja ningependa kila mtu akielewe ni mbolea, kwa sababu hapo ndo vita vinakuja kukukuta wakati umeshavisahau. Mbolea ya urea inatengenezwa kwa gesi asilia. Sio kwamba gesi inawasha tu mitambo ya kiwanda, hapana, gesi yenyewe ndo malighafi: wanaitoa haidrojeni, wanaiunganisha na naitrojeni ya hewani kwa joto kali na presha kubwa, wanapata amonia, na kwenye amonia ndo inatoka urea. Gesi ikipanda, mbolea haina pa kukimbilia. Mwaka 2020 tani ya urea kwenye soko la dunia ilikuwa kwa wastani karibu dola 230. Ilianza kupanda 2021 kabla ya vita, hilo lazima tuseme ukweli, lakini Aprili 2022 ilikuwa imepita dola 900. Viwanda vingi vya Ulaya vilipunguza uzalishaji au vikafunga kabisa kwa muda kwa sababu gesi ilikuwa ghali kuliko mbolea ambayo ingetoka.

Sasa mfikirie mkulima mdogo siku hiyo. Amesimama mbele ya mifuko, ana hela ileile aliyopanga tangu msimu uliopita, na hela ile iliyokuwa inanunua mifuko minne sasa inanunua mmoja. Haendi kuandamana, haandiki popote. Ananunua huo mmoja, anautawanya kwenye shamba lote kwa kuupunja, au anaweka kwenye kipande kimoja na kingine anakiacha kwa Mungu. Hapo hakuna kitu kimetokea ambacho kitaonekana kwenye habari. Miezi inapita, shamba linakuwa la manjano manjano, mavuno yanakuja nusu, na chakula kinapanda bei msimu unaofuata, wakati ambapo mafuta yameshashuka na viongozi wanasema hali imetulia. Mlaji anaambiwa sasa ni hali ya hewa, au ni walanguzi. Kumbe ni lile deni la gesi ya mwaka jana limefika mezani. Na ukumbuke Urusi na Ukraine kwa pamoja walikuwa wanauza zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa nje duniani, kwa hiyo Machi 2022 kipimo cha bei za chakula cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kilifika juu kuliko wakati wowote tangu kianze kupimwa, na hapo pigo la mbolea bado lilikuwa njiani.

Mwaka uleule, Agosti, gesi ya Ulaya ilipita euro 300 kwa megawati-saa. Ulaya ikatoa hela ikavuta meli za gesi kutoka kila kona. Ilikuwa na baridi inakuja, sawa, naelewa. Lakini meli zile hazikutengenezwa siku hiyo, zilikuwa zinakwenda mahali. Pakistan walibaki wanatangaza zabuni na hakuna muuzaji anayejitokeza, Bangladesh wakaacha kununua gesi ya soko la papo hapo kwa sababu bei ilikuwa haibebeki, wote wakakaa gizani masaa mengi kwa siku, viwanda vikasimama. Tajiri anapokuwa na shida ananunua unafuu wake, na yule aliyenyang'anywa wala hatajwi kwenye hesabu.

Kuna neno lingine linalowachanganya watu makusudi au kwa bahati mbaya, "mfumuko wa bei umeshuka". Uingereza Oktoba 2022 ilikuwa asilimia 11.1, baadaye ikashuka, serikali ikajipongeza. Kushuka kwa mfumuko hakuna maana bei imerudi ilipokuwa, maana yake ni kwamba sasa inapanda polepole. Ile ngazi iliyopandwa 2022 imebaki palepale, na kama mshahara wako haujapanda ngazi hiyohiyo basi wewe bado uko kwenye vita. Na anayenunua kwa kupimiwa kidogo kidogo ndo anaumia zaidi, kwa sababu hana stoo, hana pa kusubiria bei ishuke, na sehemu kubwa ya hela yake inaishia kwenye chakula, nauli na kupikia, vitu vilevile vitatu ambavyo nishati inavigusa kwanza.

Sasa nirudi kwenye maamuzi. Sri Lanka 2022 ndo mfano unaoniuma zaidi. Vita vya Ukraine vilipoanza, nchi ilikuwa tayari imeshakausha akiba yake ya dola, imekopa sana, imekata kodi 2019, utalii ulikufa na korona, na Aprili 2021 serikali ilipiga marufuku kuagiza mbolea za kemikali ghafla. Mafuta yalipopanda hapakuwa na hela ya kununua hata meli moja kwa uhakika. Watu walilala kwenye foleni za mafuta siku kadhaa, mwisho wa Juni serikali ikasitisha kuuzia mafuta magari binafsi, Julai rais akakimbia nchi. Majirani zao walinunua mafuta kwa bei ileile ya dunia na hawakufika huko. Ukiniambia ni vita tu nitakuuliza mbona wengine walibaki wamesimama.

Kuna nchi zilijifunza mapema. Mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipowawekea vikwazo vya mafuta waliokuwa wanaisapoti Israel, pipa lilitoka kama dola 3 likafika karibu 12 mwanzoni mwa 1974. Denmark ilikuwa inategemea mafuta kwa zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake, na karibu yote ya kuagiza. Walizuia magari kutembea Jumapili, walikaa na baridi. Lakini shida ilipoisha hawakulala, walijenga mabomba ya kusambaza joto kwenye nyumba, wakaziba nyumba zao vizuri, wakaingia kwenye upepo, na leo zaidi ya nusu ya umeme wao unatoka kwenye upepo. Mwaka 1974 pia ndo lilianzishwa IEA, shirika la kimataifa la nishati, na nchi wanachama zinazoagiza mafuta zinatakiwa ziwe na akiba inayotosha siku 90 za yale wanayoagiza. Nchi nyingi maskini hazina hata nusu ya hiyo, na kujenga matangi ni kazi isiyo na sherehe, hakuna anayepigiwa makofi kwa tangi lililojaa mwaka ambao hakuna vita, kwa hiyo wanangoja mpaka bei ipande alafu wanaanza kutoa ruzuku kwa kila lita, na ruzuku ya kila lita inampa zaidi mwenye magari matatu kuliko anayetembea kwa miguu.

Pakistan, walewale waliokaa gizani 2022, wananchi wao hawakusubiri. Bili za umeme zilipokuwa hazibebeki watu walianza kununua paneli za sola wenyewe, mwaka 2024 peke yake nchi iliagiza paneli za karibu gigawati 17, zikapanda juu ya mapaa, mashambani kwenye visima, viwandani. Mimi nikisoma hiyo habari nafurahi kweli. Ila gharama za mitambo na nyaya za gridi, yani mtandao wa umeme wa taifa, ziko palepale na wanaozilipa wamepungua, kwa hiyo bili inazidi kuwa nzito kwa waliobaki, na waliobaki wengi ni wapangaji wasio na paa lao, na wale ambao hata paneli moja hawawezi kuinunua. Ningependa kuona serikali yoyote, popote, inaanza na hao, iwape mkopo wa hiyo paneli ya kwanza sasahivi kabla meli nyingine haijashambuliwa.