Mbwa kando ya baiskeli Dodoma: inafaa, ila mwendo aupange mbwa

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mitaa kama Kisasa, Ilazo, Nzuguni na Iyumbu imejaa nyumba zenye ukuta na geti, na nyuma ya mageti mengi kuna mbwa. Mchana kutwa yumo bandani au kwenye mnyororo, usiku anafunguliwa alinde. Wapo walioamua kumtoa akimbie kando ya baiskeli, na hapo ndipo mabishano yanapoanzia. Wengine wanasema ni kumpa mnyama haki yake ya kunyoosha miguu. Wengine wanasema ni kumtesa juani, kumharibu mlinzi na kuwatia watu hofu barabarani. Kila upande una jambo la kweli. Mimi niko upande wa baiskeli, lakini kwa sharti ambalo waendeshaji wengi hawalipendi: saa ya kutoka, mwendo na umbali vipangwe kwa kuuangalia mwili wa mbwa, si kwa hamu ya aliye kwenye pedali.

Nianze na kinachoitetea baiskeli. Mtu mzima akitembea kwa miguu huenda kama kilomita 5 kwa saa. Kwa mbwa mkubwa huko ni kujikokota, ndiyo maana anavuta kamba mpaka mkono unauma. Mwendo wake wa safari, ule ambao mguu wa mbele wa kulia hutua pamoja na wa nyuma wa kushoto na mgongo ukabaki umenyooka, ni wa takriban kilomita 10 hadi 13 kwa saa. Ndio mwendo wa baiskeli ya mtu asiye na haraka. Nusu saa ya mwendo huo humtuliza mbwa ambaye vinginevyo angeshinda anabwekea kila anayepita, au anachimba mashimo chini ya ukuta.

Jambo lenyewe si geni duniani. Ujerumani wafugaji wa German shepherd wana mtihani wa ustahimilivu ambamo mbwa hukimbia kilomita 20 kando ya baiskeli, kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Sheria ya barabarani ya nchi hiyo nayo inaruhusu mbwa kuongozwa na mtu aliye kwenye baiskeli, huku ikikataza kumwongoza kutoka kwenye gari. Wanaoshabikia zoezi hili hutaja zile kilomita 20 na kuishia hapo. Wanachoacha ni kwamba mbwa hapokelewi kwenye mtihani huo kabla ya miezi 16, anapumzishwa njiani, na mwamuzi humkagua uchovu na nyayo. Umri una sababu yake: mifupa ya mbwa mchanga ina sehemu laini karibu na viungo ambazo bado zinakua, na kwa aina kubwa hukomaa kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu. Mbwa wa miezi saba anaweza kuonekana dume zima kwa kimo, lakini ukimkimbiza kila siku kwenye lami unamwekea ulemavu wa baadaye. Wenye pua fupi, wale wanaokoroma hata wamelala, wasiingizwe kabisa kwenye zoezi hili, na mbwa mzee au mnene aonwe kwanza na daktari wa mifugo.

Hoja inayosikika sana kwetu ni ya ulinzi: usimtoe mbwa, atazoea watu, mwizi akija atamtikisia mkia. Naielewa, kwa kuwa wengi wetu hatukununua mbwa kwa mapenzi bali baada ya jirani kuibiwa. Lakini mbwa aliyefungiwa hawatofautishi watu. Kwake kijana anayeleta maji, mtoto wa jirani na mwizi wote ni sawa, na mlinzi anayepiga kelele kwa kila kitu mwenye nyumba huacha kumsikiliza. Kukimbia na baiskeli pia hakumfundishi kupapaswa na wageni. Kinyume chake, anajifunza kuwapita bila kuwajali. Palipo na ukweli ni kwenye uchovu. Mbwa aliyekimbizwa sana jioni atalala usiku, basi. Kwa hiyo wakati wake ni alfajiri: amalize zamu ya usiku, akimbie, anywe maji, apoe ndipo ale ugali wake na dagaa, kisha alale mchana. Kula kuje baadaye, hasa kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kwani akikimbia na tumbo lililojaa anaweza kuvimba na tumbo kujisokota, na hilo huua kwa saa chache.

Alfajiri inatufikisha kwenye hoja nzito kuliko zote, ya jua. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo asubuhi za Juni na Julai watu huvaa masweta. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, joto la mchana hupita nyuzi 30, na upepo wetu unadanganya. Anayeendesha anaukata upepo, jasho linakauka, anajiona yuko sawa. Mbwa amevaa manyoya, hatoi jasho ila kidogo kwenye nyayo, na tegemeo lake ni kuhema ulimi ukiwa nje. Tumbo lake liko jirani na lami iliyochemka. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 na kitu. Likifika 41 yuko hatarini kufa.

Wanaosema ni mateso wananishawishi zaidi hapa kuliko popote. Utetezi wa kwamba "mbona anafurahia" hautoshi. Mbwa anayempenda bwana wake hasimami kwa sababu amechoka. Anasimama miguu ikigoma. Furaha yake si kipimo, na anayeitumia kama kipimo siku moja atarudi na mbwa amembeba kwenye karia. Vipimo ni vingine. Ulimi ukitoka wote na kupanuka nchani, mate yakawa mazito, akaanza kubaki nyuma ya gurudumu wakati mwanzoni alikuwa sambamba na pedali, safari imeisha hapo hapo, hata kama nyumbani ni mbali. Fizi zikiwa nyekundu sana, akayumba au akatapika, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, kisha mpeleke kwa daktari bila kusubiri kuona kama atapata nafuu. Kwa hiyo chupa ya maji ya mbwa si hiari. Kabla ya kutoka, weka mgongo wa kiganja kwenye lami kwa sekunde saba. Usipoweza kuvumilia, nyayo zake nazo hazitaweza. Jioni jua likishazama lami bado inatoa joto, jambo linalosahaulika kirahisi.

Barabara za vumbi za pembezoni, kuelekea Ntyuka au Msalato, ni laini kwa viungo kuliko lami, ila zina mbigili. Mmea wake hutambaa chini wakati wa mvua, ukikauka unaacha miiba migumu ndani ya vumbi, ile ile inayotoboa tyubu. Mbwa akianza kurusha mguu mmoja au kusimama aulambe, shuka. Ukunje unyayo kwa nyuma, utenganishe vidole kimoja kimoja, na usiangalie tu sehemu ngumu ya unyayo, kwa sababu mwiba hupenda kujificha katikati, kwenye ngozi laini yenye nywele. Ukikuta pamevimba na hakuna mwiba, umeshazama. Hilo si la kuchokonoa kwa pini ya nguo.

Kuna hoja moja ya kijijini ambayo imenifanya nilifikirie upya suala zima. Huko Bahi na Chamwino mbwa wa wachungaji hufuata baiskeli kila siku bila kamba na bila mwalimu. Iweje sisi wa mjini tuligeuze kuwa somo? Jibu la haraka ni magari, na ni jibu sahihi. Kwenye barabara ya Morogoro au ya Iringa, mbwa asiye na kamba akimwona mbuzi ng'ambo anakatiza, na anayeumia anaweza kuwa dereva wa bodaboda na abiria wake. Lakini ukimtazama vizuri yule mbwa wa mchungaji utaona ana kitu ambacho wetu hana. Akichoka anaingia chini ya mti. Akiona kivuli anajilaza, halafu anafuata harufu mpaka anawakuta wenzake. Mwendo anaupanga mwenyewe. Sisi tukimfunga kamba tunamkinga na lori, na papo hapo tunamnyang'anya uwezo wa kusema basi. Kamba mjini ni lazima, sina shaka. Ila aliyeifunga amechukua jukumu la kuchoka kwa niaba ya mbwa, na hili ndilo naliona halizungumzwi.

Namna ya kuifunga nayo ina ubaya wake na uzuri wake. Kamba iliyozungushwa kiganjani au kufungwa kwenye usukani ndiyo inayovunja watu mikono. Mbwa wa kilo 30 akiruka pembeni, gurudumu la mbele linageuka naye na mwendeshaji anapita juu ya usukani. Ifungwe chini, kwenye bomba linaloshika siti, ambapo mvuto unaenda kwenye uzito wa mtu badala ya kwenye mwelekeo wa baiskeli. Huko nje huuzwa mikono ya chuma yenye springi kwa kazi hii. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza mkono unaomweka mbwa mbali na spoki, na vipande vya tyubu tunavyofungia mizigo vinapunguza mshtuko, mradi kamba kamili ipite sambamba navyo kwa usalama. Fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta mara moja. Mbwa avae mkanda wa kifuani, usiobana makwapa. Wa shingoni unamkaba kila anapochelewa hatua moja. Na akae kushoto. Tunaendesha kushoto, hivyo baiskeli inakuwa kati yake na magari.

Mafunzo yenyewe hayana muujiza, yana subira. Baiskeli ilazwe uani siku kadhaa, ale karibu nayo, aizoee kengele na mlio wa cheni. Kisha itembezwe kwa kusukumwa naye akiwa kushoto, kwa kuizunguka nyumba, kona za kulia na za kushoto, huku akijifunza maneno machache yasiyobadilika: twende, taratibu, acha, simama. Neno "acha" ndilo la thamani kuliko yote, na lifundishwe mbele ya kuku kabla ya kufundishwa mbele ya mbwa mwingine. Akikosea, baiskeli isimame. Akipatia, apewe kipande cha nyama. Anayempiga atapata mbwa anayeiogopa baiskeli, na mbwa anayeiogopa huvuta kwenda pembeni, ambako ndiko kuna mtaro. Siku ya kwanza ya kupanda, mita mia mbili kwenye njia tulivu zinatosha. Umbali uongezwe kwa majuma, na siku za kupumzika ziwepo, kwani ngozi ya nyayo huchukua muda kukomaa hata kama mapafu yako tayari.

Hofu ya wapita njia nayo ni haki yao. Saa hiyo ya alfajiri ndiyo watoto wanatembea kwenda shule na waumini wanarudi msikitini. Muislamu aliyetawadha akiguswa na mate ya mbwa ana kazi ya kujitoharisha, na kumwambia "hang'ati" si jibu la swali lake. Mwendeshaji apunguze mwendo, afupishe kamba, apishe mbali. Penye njia nyembamba ashuke na kusukuma. Mbwa wetu tumewachagua sisi, jirani hakuwachagua.

Linabaki la mbwa wanaozurura, na hapa wapinzani wana hoja ambayo baiskeli peke yake haiwezi kuijibu. Mbwa anayekimbia huwavuta wengine wamfukuze, na aliyefungwa kamba hawezi kukimbia wala kupigana. Usishindane nao mbio. Simama, shuka, weka baiskeli kati yao na mbwa wako, ongea kwa sauti nzito, ondoka taratibu. Wakikung'ata wewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo, kwa kuwa dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kama mbwa wako hajachanjwa, asitoke getini na baiskeli. Sindano ya kwanza huanza akiwa na miezi mitatu, na kwetu hurudiwa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, chanjo hutolewa sehemu mbalimbali nchini. Unayempeleka wako, jitahidi umpeleke na yule asiye na mwenyewe anayelala kwenye kona ya mtaa wenu, maana huyo ndiye mtakayekutana naye kila mkitoka.