Gandalf Alikuwa Msalani

Hesabu yangu haikuwa mbaya. Ilikuwa na kasoro moja tu, na kasoro hiyo huvaa buti za njano na hupenda kuimba porini.

Ilikuwa Desemba 2001, filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings ilipoingia kumbini. Sisi tuliokisoma kitabu tuliisubiri kama unavyomsubiri mtu unayemdai. Riwaya ya Tolkien ilitoka kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955, kwa hiyo wapo waliokuwa wamekaa na sura za wahusika vichwani kwa zaidi ya miaka 40, na sasa mwongozaji Peter Jackson alikuwa anakuja na sura zake. Mimi umri huo sikuwa nao. Nilikuwa na daftari.

Daftari lilikuwa na malalamiko 31 kabla sijaona hata picha moja ya filamu yenyewe. La kwanza: Tom Bombadil, yule mzee wa buti za njano, ameondolewa kabisa, na sura zake tatu pamoja naye, yaani Msitu wa Kale, nyumba yake na yale makaburi ya ukungu. Mwaka mzima nilimwambia kila aliyekubali kusimama kwamba huwezi kumng'oa Bombadil halafu usipate madhara. (Kumbuka maneno hayo. Yatanirudia.) La pili: Glorfindel, mpanda farasi wa kitabuni, amenyang'anywa safari ya kumpeleka Frodo, mhusika mkuu, mtoni, kapewa binti aitwaye Arwen. La tatu: kitabuni Gandalf, yule mchawi mzee, anachukua miaka 17 tangu sherehe ya Bilbo, mlezi wa Frodo, mpaka arudi kumweleza Frodo habari za pete, ilhali kwenye filamu anaonekana kama mtu aliyekwenda maktaba akarudi. La nne lilikuwa la kofia. Kitabu kinasema kofia ya Gandalf ni ya buluu. Kwenye mabango ya filamu ilikuwa ya kijivu. Kwa wengine hilo ni jambo dogo.

Lakini lililonikosesha usingizi ni mabawa. Katika sura ya daraja, ndani ya mgodi wa kale uitwao Moria, linatokea jitu la moto na kivuli liitwalo Balrog. Tolkien anasema kwanza kwamba kivuli chake kilitanda kama mabawa mawili makubwa. Aya chache baadaye anasema mabawa yake yalienea toka ukuta hadi ukuta, na lile neno "kama" halipo tena. Basi wasomaji tukagawanyika. Wenye mabawa wanasema: kaandika mabawa, ni mabawa. Tusio na mabawa tunasema: ni kivuli kilekile cha aya ya kwanza, tamathali imeendelezwa tu, tena dude lenye mabawa lingeangukaje shimoni bila hata kupiga bawa moja? Nimepoteza marafiki wawili kwa hoja hiyo. Sasa filamu ilikuwa inakwenda kutupa jibu, na nilitaka kuwa nimekodoa macho litakapotolewa.

Nilikwenda na wenzangu sita na mpwa wangu wa miaka 11, ambaye hakuwa amekisoma kitabu. Kwa ajili yake niliweka sheria. Waliosoma wakae kushoto kwangu, wasiosoma kulia, mimi katikati kama ukuta. Hakuna kusema "ngoja uone", maana anayeambiwa angoje ameshaambiwa kuna kitu. Hakuna kuguna kabla ya tukio. Na siri moja kuu isitajwe hata nje ya ukumbi: kwamba Gandalf anaanguka darajani, na kwamba katika juzuu ya pili anarudi, akiwa mweupe. Niliwaapisha mmoja mmoja. Mwenzangu mmoja aliyewahi kumwaga mtama kwenye harusi nilimwapisha mara mbili.

Halafu nikavaa kama Gandalf. Gandalf wa kitabuni, mwenye kofia ndefu ya buluu, skafu ya fedha na joho la kijivu.

Joho la nusu duara ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: mita 3 za kitambaa chenye upana wa mita 1 na nusu, unalikunja katikati, unafunga uzi kwenye chaki, unachora robo duara, unakata, unafungua, na tundu la shingo unalikata dogo kuliko unavyotaka kwa sababu litapanuka. Kosa langu lilikuwa kuchagua kitambaa cha blanketi ili likae kizito. Lilikaa kizito kweli. Ndani ya joho nikashona mfuko mmoja wa kufichia vitu. Chini ya joho kanzu ya kijivu iliyoshonwa mbele yote, bila kifungo wala zipu, kwa sababu sikuona zipu popote kitabuni. Juu ya kanzu kamba ya mkonge, mizunguko mitatu, fundo mbili. Fimbo ilikuwa mpini wa ufagio wenye balbu ya tochi kichwani, waya ndani ya mfereji niliouchonga, betri mbili chini na swichi pale kidole gumba kinapokaa.

Ndevu ndizo zilizoniponza. Unachukua nyuzi nyeupe za sufu, unazikata sentimeta 40, unazifunga moja moja kwenye kipande cha chandarua, kisha unazichana mpaka zifumuke. Hapo nilifanya vizuri. Lakini kuzibandika nilitumia gundi nyeupe ya mbao, na gundi ile ikipata jasho hulainika, inakuwa uji. Zilipoanza kuteleza na kuwasha nikapaka poda ya mtoto chini yake ili kukausha. Poda ikakausha kweli, ila gundi haishiki juu ya poda, kwa hiyo nikaongeza gundi, iliyoleta jasho, nikaongeza poda. Kopo zima likaishia kwenye mfuko wa ndani ya joho kwa dharura.

Sufu usoni na blanketi mgongoni huleta joto, na joto huleta kiu. Kabla Frodo hajafika Rivendell nilikuwa nimemaliza lita moja na nusu ya maji. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama nusu lita.

Nilikuwa nimelitazamia hilo. Filamu ilikuwa na dakika 178, na ratiba ya msalani niliipanga wiki nzima kabla. Juzuu ya kwanza ina sura 22. Sura ya daraja ni ya 17. 17 gawa kwa 22, zidisha kwa 178, unapata dakika 137 na nusu. Utangulizi ulioongezwa mwanzoni na majina yanayopita mwishoni niliyaacha yamalizane yenyewe. Kwa hiyo nikitoka dakika ya 112 na kurudi ya 120, nina zaidi ya robo saa ya kukaa, kupumua na kukodoa macho.

Dakika ya 112 walikuwa wameshaingia Moria, wamesimama mbele ya kaburi la Balin. Nikaona kitabu na saa vimepishana kidogo, lakini nani anaaminika, macho au hesabu? Nikainuka. Mpwa wangu akanong'ona, "Mjomba, unaenda wapi? Pananoga!" Nikamwambia bado sana. Huko nako ni kuvunja sheria ya "ngoja uone", lakini hapakuwa na wa kunishtaki.

Dakika nane nilizipanga kwa mtu mwenye suruali. Nilipofika msalani ndipo nilipogundua mavazi yale yana mpangilio wake wa kuvuliwa, na haurukiki. Fimbo haisimami yenyewe, kwa hiyo inaegemezwa, inaanguka, inaokotwa. Kofia inagonga mlango. Skafu imeshikana na ndevu kwa gundi, ukivuta skafu unavuta na kidevu. Joho halitundikiki kwenye kile kikulabu cha mlangoni, kitambaa cha blanketi cha mita 3 kikakivunja. Basi nikalikunja lote na kulibwaga begani, na hapo kifuniko cha kopo la poda, ndani ya mfuko uliopinduka kichwa chini, kikafunguka. Sikukisikia. Nilikuwa napambana na fundo. Mkonge ukilowa jasho hujikaza, na fundo mbili nilizozifunga kwa fahari nyumbani zilikuwa zimekuwa moja. Mwishowe niliacha kufungua, nikapandisha kanzu yote juu na kuibana ndani ya kamba, kama anayevuka mto.

Nikamaliza. Nikalishusha joho kwa kishindo ili likae vizuri.

Yaani poda yote. Kofia nyeupe, joho jeupe, nyusi nyeupe, viatu vyeupe. Nilipojipangusa nikaisambaza vizuri zaidi, hasa kwa mikono yenye gundi. Saa ilionyesha dakika ya 129. Nikakimbia.

Mlango wa ukumbi ulikuwa nyuma, juu, na ngazi zinateremka katikati ya viti. Nikausukuma. Taa ya nje ya ukumbi ikanimulika mgongoni, wingu la poda likapanda, na kidole gumba, kwa woga wa kukosa ngazi, kikabonyeza swichi ya fimbo.

Kwenye skrini walikuwa wametoka Moria. Wamekaa juu ya mawe, wanalia. Sam analia, Pippin analia, na ukumbi mzima ulikuwa kimya isipokuwa watu wanaovuta makamasi. Walikuwa wanamlilia Gandalf.

Mwanga wa fimbo ukawafanya wageuke. Mstari kwa mstari. Juu ya ngazi amesimama mzee mwenye ndevu na kofia ndefu, mweupe kuanzia utosini hadi kwenye kidole cha mguu, nuru mkononi na moshi nyuma yake.

Mpwa wangu ndiye aliyevunja kimya, kwa sauti ambayo mama yake huitaka kila siku wakati wa kusoma na haipati: "Gandalf karudi! Na amekuwa mweupe!"

Waliosoma waliangua kicheko cha watu waliofumaniwa na machozi usoni. Wasiosoma walicheka pia, halafu wakasikia jinsi waliosoma wanavyocheka, wakaanza kunyamaza. Hapo ndipo mama mmoja wa makamo, leso bado puani, aliponiuliza nilipokuwa nampita: "Samahani baba, kwa hiyo huyu hajafa?"

Kuna majibu mengi ya kumpa mtu anayeuliza hivyo. "Sijui" ni moja. "Mimi nilikwenda haja ndogo" ni lingine, tena la kweli. Mimi, mlinzi wa siri, mwapishaji wa watu, nilisema: "Siruhusiwi kusema."

Ukumbi wote ukaguna "Aaaa!" kwa pamoja, kama darasa lililoelewa.

Nikateremka ngazi nikiwa nimezima fimbo, au nikijaribu, maana swichi iliganda na gundi. Jambo moja lilinishangaza. Wale niliokwisha kuwapita walicheka zaidi kuliko wale walionitazama usoni. Nikadhani ni mwangwi.

Nilipokaa nikamwuliza wa kushoto, "Daraja liko wapi?" Akasema limeshapita. Nikahisi damu inashuka. "Na mabawa? Lilikuwa na mabawa?" Akasema yalikuwepo, makubwa. Aliyefuata akasema si mabawa, ni moshi wenye umbo la mabawa. Wa tatu akasema kwa maoni yake ni kivuli. Mpwa wangu akasema alifumba macho.

Sikuitazama vizuri sehemu iliyobaki. Niliona tu kwamba mwishoni Boromir, mmoja wa wenzake Frodo, anauawa, na tukio hilo kitabuni liko kwenye sura ya kwanza ya juzuu ya pili. Nikachukua daftari na, kwa mwanga wa fimbo isiyozimika, nikarudia hesabu. Sura 22, toa tatu za Bombadil, ongeza moja ya Boromir: 20. Daraja si la 17 tena, ni la 14. 14 gawa kwa 20, zidisha kwa 178: dakika 124 na ushei. Mwaka mzima nimelia kwamba Bombadil ameondolewa, na siku ya kupiga hesabu nikamhesabu.

Nilirudi kesho yake, suruali ya kawaida, koo kavu. Lina mabawa. Au ni moshi wenye umbo la mabawa. Nimeshapoteza rafiki wa tatu.

Mwaka 2002 likaja tangazo la filamu ya pili. Tulikuwa tumekaa na mpwa wangu, na humo ndani, waziwazi, bila hata kuficha, akaonekana Gandalf mwenyewe, mweupe, amesimama kwenye nuru. Nikaruka kutoka kitini. Watu wale wametoboa siri ileile kwa dunia nzima, na mimi nilikuwa bado nadaiwa radhi na ukumbi mmoja! Nikamwambia, "Umeona? Sasa tofauti yangu na yao ni nini?"

Akalitazama tangazo mpaka mwisho.

"Mjomba," akasema, "huyu wao amekumbuka kushusha kanzu nyuma."