Nani Analipia Siku ya Dogo?

Wiki iliyopita nilipokea ankara iliyonichefua. Fundi bomba alikuja kwangu hapa Bremen, Ujerumani, kubadilisha bomba la sinki ya jikoni pamoja na koki iliyo chini yake, na kwa kuwa vyombo vyote vya jiko ni mali yangu na si vya mwenye nyumba, gharama ilikuwa juu yangu. Alifuatana na kijana wa miaka 17 hivi, mwenye chunusi na viatu vikubwa vya kazi, ambaye muda wote hakuzungumza zaidi ya salamu. Ankara ilipofika ilikuwa na mistari mitatu: vifaa, saa moja ya fundi, na chini yake saa moja ya mwanagenzi, yaani dogo anayejifunza kazi, euro 34. Mstari ule wa tatu niliusoma mara mbili. Yaani nimelipishwa ili mtoto wa watu ajifunzie kwenye sinki yangu!

Hasira ilinizidi kwa sababu nilishuhudia saa yenyewe ilivyotumika. Kijana alizungusha nyuzi za katani kwenye meno ya koki, pale ambapo mafundi wetu huzungusha tepu nyeupe, akazizungusha kinyume, kisha akakaza kwa nguvu zake zote, na maji yalipofunguliwa yakaanza kuchuruzika pembeni. Fundi hakumnyang'anya spana. Alivuta kigoda changu, akaketi, mikono juu ya mapaja, akasema neno moja tu lenye maana ya "tena". Kijana akafungua, akakwangua kwa kucha katani iliyolowa, akaanza upya. Dakika 20 zilipita hivyo, nami nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, bila kujua kwamba saa ile inayokwisha, kama yuniti za luku, nailipia mimi.

Nililipa, kwa kuwa huku ankara haibembelezwi. Lakini mstari ule haukunitoka kichwani, na kadiri nilivyoufikiria ndivyo hasira ilivyohama kutoka Bremen ikaenda kutua Nyakato, kwetu Mwanza, kwenye gereji ambako mdogo wangu alijifunza ufundi kwa miaka mitatu bila mtu yeyote kuandika saa yake popote.

Sisi ni watu wa Kitangiri, na mama yetu alikuwa akiuza dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni. Mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayahitaji maelezo, mama alimpeleka kwa fundi wa magari aliyekuwa akifahamiana na mjomba. Makubaliano yalikuwa yale yale ambayo kila msomaji wangu anayafahamu: fundi hatoi kitu, kijana analeta nguvu zake, na siku kazi ikiwa nzuri atapewa ya soda. Nauli ya kwenda Nyakato na kurudi, sahani ya ugali mchana, na sabuni ya kufulia lile ovaroli vilikuwa mzigo wa mama. Sasa, mtu anayeishi kwa dagaa anaishi kwa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na Mwaloni panapoa. Kwa hiyo kila mwezi zilikuwapo siku kadhaa ambazo nauli haikuwapo, na mdogo wangu ama alitembea kwa miguu akafika saa nne, ama hakwenda kabisa. Fundi, ambaye hakuwa na sababu ya kuangalia angani, alikuwa akilalamika kwamba kijana huyu ana uvivu unaomrudia kama homa ya vipindi. Hakuna aliyemwambia kwamba mahudhurio ya mwanafunzi wake yalikuwa yanafuata mbalamwezi.

Hiyo ndiyo tofauti moja ninayotaka kuizungumzia, na naomba nisivutwe kwenye nyingine. Ujerumani, tangu mwaka 2020, sheria imeweka kima cha chini cha posho ya mwanagenzi: ilianza na euro 515 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza wa mafunzo, na kwa walioanza mwaka 2025 ilikuwa euro 682. Kijana anakwenda siku kadhaa za wiki kazini na siku nyingine shuleni, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu kutegemea fani, na siku zote hizo, hata zile za darasani, zinahesabiwa kuwa zimelipwa. Kwa bei za huku fedha hizo hazipangi nyumba. Zinanunua tiketi ya treni, mkate na viatu, na hicho ndicho kiasi hasa ambacho mama alikuwa akikitafuta Mwaloni akakikosa mwezi unapokuwa mpevu. Mimi mwenyewe nilipofika hapa nilisomea uuguzi kwa utaratibu huo. Nililipwa huku sijui hata namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kuumiza mgongo wangu. Nililipwa kwa kutojua, na sikuona ajabu yoyote hadi ankara ya bomba iliponionyesha upande wa pili, yaani upande wa anayelipa.

Naam, nimeshawasikia. Kuna atakayesema kwamba nimekula mkate mweusi miaka sita tu na tayari nawasomea risala Waswahili wenzangu. Kuna atakayenikumbusha kwamba jiwe letu maarufu pale ziwani linaitwa kwa jina la kansela wa Kijerumani, Bismarck, na kwamba huenda nimerogwa na jina hilo tangu utotoni. Nakiri kwamba huwa nawaonyesha wenzangu kazini picha ya jiwe lile, na kwamba wanaposhangaa najivuna kana kwamba ni mimi niliyelisimamisha. Lakini sijalewa. Katika majimbo mengi ya nchi hii watoto hugawanywa njia za masomo wakiwa na umri wa miaka kama 10, na mtoto ambaye nyumbani kwao hakizungumzwi Kijerumani safi mara nyingi hujikuta kwenye njia fupi kabla hajajua yeye ni nani. Sisi hatufanyi ukatili huo, walau si mapema hivyo.

Na kwa ufundi wenyewe, mnisamehe, sioni wa kutuchekea. Mdogo wangu anasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua, akiwa ameegemeza bisibisi ndefu kwenye sikio, na anakuambia ni silinda ipi inayokosa moto. Nimemwona akikata gasketi kutoka kwenye karatasi ngumu ya boksi kwa kuigongagonga na nyundo ndogo juu ya chuma chenyewe, na gari likaenda Bariadi na kurudi. Yule kijana wa katani hamfikii hata kwa ndoto. Tofauti ni kwamba yule, akihitimu, atakuwa na karatasi, wakati mdogo wangu alipokwenda kuomba kazi kwenye mradi mmoja mkubwa mkoani kwetu aliulizwa cheti kabla ya kuulizwa jina.

"VETA ipo," ataniambia mwingine, na huyu nampa heshima yake kwa sababu anasema kweli. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na chuo chake kiko Nyakato hapo hapo, mwendo mfupi kutoka mahali mdogo wangu alipokuwa akiosha vyuma kwa dizeli. Uvuvi unafundishwa Nyegezi, ngozi inafundishwa kwenye kampasi ya Mwanza ya DIT, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, na serikali ina programu yake ya uanagenzi. Hata tozo ya kuendeleza ujuzi ipo: mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi 10 au zaidi huilipa kwa asilimia ya mishahara anayotoa, na mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Sibezi hata kimoja. Nauliza tu gereji yenye fundi mmoja na vijana watatu chini ya mwembe inaingia wapi katika hesabu hiyo. Haikatwi tozo, ni kweli, kwa kuwa haina mishahara ya kukatwa. Na kwa sababu hiyo hiyo fedha ya tozo haina njia ya kushuka hadi pale chini ya mwembe, ambako ndiko wengi wa vijana wetu wanakojifunzia.

Mtaniambia pia kwamba VETA hupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani na kuwapa cheti. Ni jambo jema mno, na nimemsihi mdogo wangu aende hadi nimechoka. Jibu lake ni moja: siku atakazokuwa kwenye kupimwa na kujaza mapengo, gereji imefungwa, na mteja akikuta imefungwa leo, kesho yuko kwa jirani. Tumerudi pale pale. Kila mlango umefunguliwa, isipokuwa hakuna aliyeuliza siku ile itakuwa imelipwa na nani.

Wengine watawalaumu mafundi kwa uchoyo. Hapo nakataa kabisa, na nakataa kwa aibu, kwa sababu najua ni nani mchoyo. Fundi anayegombania shilingi elfu tano na mteja hawezi kumlipa dogo kutoka hewani. Mteja yule ni mimi. Nilipokuwa Mwanza nilikuwa na pikipiki, na kila nilipoipeleka kwa fundi sentensi yangu ya kwanza ilikuwa, "Fundi, naomba ushike mwenyewe, usimwachie dogo." Nilitaka mafundi bora wawe wengi mjini, na nilitaka wajifunzie kwenye pikipiki za watu wengine. Ndiyo maana euro 34 ziliniuma: ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulipia kosa la mtu anayejifunza.

Jumapili nilimpigia mdogo wangu nikamsimulia yote. Sasa hivi naye ana dogo wake, mtoto wa jirani, na nilimuuliza anamlipa nini. Alisema anamlisha mchana, na Jumamosi anampa ya nauli kama wiki imekwenda vizuri. Nikamuuliza ingekuwaje akiwaandikia wateja wake kwenye risiti, chini ya bei ya spea na ufundi, mstari mmoja wa saa ya dogo.

Alicheka hadi simu ikakatika. Alipopiga tena alikuwa bado anacheka.

"Dada, hiyo risiti wangenilisha." Kisha akatulia. "Huyo kijana, bomba alilivunja?"

Nikamwambia hakulivunja, alikaza vibaya, likavuja, akafungua akaanza upya.

"Na muda huo fundi alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ameketi kwenye kigoda."

Nilisikia pikipiki ikipita upande wake, na mtu akimwita kwa mbali.

"Ameketi tu, anamtazama?"