Kukadiria na Kukaribisha Namba: Mtoto wa Kigoma Aanzie Wapi?

Wapo wazazi na walimu wanaoamini kwamba kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kukadiria idadi na kukaribisha namba nzima, yaani kuiandika namba kwa makumi, mamia au maelfu yaliyo karibu nayo zaidi, ni kumzoeza uzembe, kwa kuwa kabla hajaweza kujumlisha na kuzidisha sawasawa anaambiwa kwamba jibu la karibu linatosha. Wapo pia wanaosema kwamba watu wazima hufanya makadirio mara nyingi zaidi kuliko wanavyofanya hesabu kamili kwa kalamu, hivyo mtoto asiyejua kukadiria anatoka shuleni na nusu tu ya hisabati. Pande zote mbili zina hoja nzito, lakini nionavyo mimi ubishi wao umebaki kwenye swali la lini somo hili lianze na lichukue vipindi vingapi, ilhali swali ambalo lingeamua mengi, yaani kadirio linatakiwa kwa kazi gani, mara nyingi halifiki ubaoni.

Hoja ya wenye tahadhari ina mizizi katika maisha ya mkoa huu, na haifai kupuuzwa. Mkulima wa maharage au mahindi wa Kasulu au Kibondo anaifahamu lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, kisha likanunuliwa kwa bei ya gunia la kawaida. Sheria ya vipimo inakataza ufungashaji huo na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiukemea, lakini tazama jinsi hesabu yake inavyofanana na kanuni ya darasani: kilo 120 zikikaribishwa kwenye mamia zinakuwa 100. Kanuni haikukosewa hata kidogo, na bado mkulima amepoteza kilo 20 katika gunia moja, kiasi kwamba akiuza magunia matano ametoa bure mzigo wa kilo 100. Mzazi aliyepitia hasara ya namna hiyo akisema mwanawe ajifunze mizani kwanza na makadirio baadaye, anasema jambo la maana.

Hata hivyo, mfano huohuo una upande wa pili. Shambani hakuna mizani kila siku, na mkulima anayeweza kulitazama gunia na kuona kwamba limezidi kwa takribani ndoo moja ndiye mwenye sababu ya kudai lipimwe. Kadirio hapo linamwonyesha mtu mahali ambapo kipimo kinahitajika, na kazi yake darasani ni hiyohiyo. Mwanafunzi anayezidisha 398 kwa 21 akasahau kusogeza tarakimu kwenye nafasi ya makumi atajumlisha 398 na 796, apate 1,194, na hatua zake zitaonekana safi machoni pake. Angekuwa amezoea kujiuliza kwanza kwamba 398 iko karibu na 400 na 21 iko karibu na 20, angejua kwamba jibu lazima lizunguke 8,000, naye angerudi kutafuta kosa mpaka afike 8,358. Sijui njia nyingine ya kumfanya mtoto wa darasa la tano ajisahihishe mwenyewe bila kumsubiri mwalimu, na kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wanaotaka somo hili lisogezwe pembeni.

Ugumu wa kweli uko kwenye kukaribisha, kwa kuwa kunafundishwa kwa kanuni fupi ambayo mtoto anaweza kuikariri bila kuielewa: tazama tarakimu ya kulia, ikiwa ni 5 au zaidi ongeza moja, ikiwa ni pungufu acha ilivyo. Chukua kina cha Ziwa Tanganyika, ambacho mahali penye kina kirefu kuliko pote ni mita 1,470. Kwenye mamia namba hiyo ni 1,500. Kwenye maelfu ni 1,000, kwa sababu 470 haifiki nusu ya elfu. Lakini mtoto anayekaribisha hatua kwa hatua, kwanza kwenye mamia kisha kwenye maelfu, ataitoa 1,500 na kuipandisha hadi 2,000, akiwa ameifuata kanuni mara mbili bila kukosea hata mara moja. Anayeweza kuichora namba hiyo kwenye mstari wa namba, kati ya 1,000 na 2,000, hadanganyiki, kwani anaona kwa macho ni upande gani ulio karibu. Kwa hiyo thamani ya nafasi na mstari wa namba vitangulie, hata kama kanuni itachelewa kwa muhula mzima.

Kuna pia kosa linalokua kadiri namba zinavyojumlishwa. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 2,470,967 na Tabora watu 3,391,679. Tukikaribisha kila mkoa kwenye mamilioni tunapata 2 na 3, jumla milioni 5, wakati jumla halisi ni 5,862,646, ambayo kwenye mamilioni ni 6. Karibu watu laki tisa wamepotea katikati ya hesabu iliyofuata kanuni. Mfano huu ungefaa sana madarasa ya juu, kwa sababu unamfundisha mtoto kwamba namba hukaribishwa mwishoni, na kwamba ukubwa wa hatua ya kukaribisha huchaguliwa kulingana na kinachotafutwa.

Hapo ndipo swali la kazi linaporudi. Wanafunzi 95 wakikaa watatu kwa dawati, kugawanya kunatoa 31 na baki 2, na madawati yanayohitajika ni 32. Mama mwenye shilingi 4,600 sokoni, fungu la dagaa likiwa shilingi 1,000, atapata mafungu manne, ingawa 4,600 kwenye maelfu ni 5,000. Na boti inayoondoka mwalo wa Kibirizi kuelekea Kagunga, kama imeruhusiwa abiria 50 na waliomo ni 54, haiwezi kusemwa kwamba imebeba hamsini kwa sababu kitabu kinakaribisha 54 kuwa 50. Mfano wa kwanza unadai kupanda, miwili inayofuata inakataa kanuni ya nusu kwa sababu tofauti, na mtoto hataitambua tofauti hiyo kama mazoezi yake yote yanaanza na agizo la kukaribisha kwenye makumi bila kueleza ni namba ya nini.

Walimu wana haki ya kuuliza haya yote yatafanyika vipi katika darasa lililofurika, tena kwa somo ambalo majibu yake sahihi ni mengi na kuyasahihisha ni kazi. Nadhani zoezi rahisi linawezekana: kila kundi lipewe kikombe cha maharage, lihesabu punje zinazojaa kizibo kimoja cha soda, likadirie ni vizibo vingapi vinajaza kikombe, liandike kadirio, kisha lihesabu punje zote na kuandika tofauti. Mwalimu asahihishe njia na ukubwa wa tofauti, asitafute namba moja kwa wote. Kundi lililoandika 360 likakuta 384 limefanya kazi nzuri. Lililofuta kadirio lake na kuandika 384 baada ya kuhesabu lirudishwe kwa upole, kwa kuwa watoto hufuta kwa hofu ya kupewa mkasi, yaani alama ya kukosa, na hofu hiyo wameipata kwetu sisi watu wazima.

Kwa mtoto ambaye bado hajatofautisha 407 na 470, hata hivyo, ningekubali kabisa na wenye tahadhari: aachwe kwanza kwenye makumi na mamia, apime na kuhesabu vitu halisi, na kukaribisha kumsubiri hadi darasa linalofuata.