Kuhama China si chanjo

Mtu akiuliza leo kwa nini PlayStation 5 iliadimika karibu miaka miwili, jibu la haraka analopewa ni kwamba korona ilizuka China, na China ndiko mashine za gemu zinakotengenezwa. Dawa nayo hutajwa papo hapo: viwanda vihame. Hoja hiyo ina watetezi makini na nitawapa nafasi yao. Upande wa pili, kwa bahati mbaya, husikilizwa nusunusu, kana kwamba kuutetea ni kuitetea serikali ya Beijing. Mimi nazungumzia betri, kebo na skrubu.

Wanaotaka kuhama wana ushahidi, na mwingine walipewa na kampuni zenyewe. Juni 2019 Nintendo, Sony na Microsoft, kampuni za mashine za gemu ambazo hazipikiki chungu kimoja, ziliandika barua ya pamoja kwa serikali ya Marekani kupinga ushuru mpya wa bidhaa za China. Humo zikakiri kwamba zaidi ya asilimia 96 ya konsoli, yaani mashine za gemu, zilizoingia Marekani mwaka 2018 zilitoka China. Miezi saba baadaye, tarehe 23 Januari 2020, Wuhan ikafungwa.

Siku yenyewe ilikuwa mbaya kuliko zote. Mwaka mpya wa Kichina uliangukia tarehe 25, na mamilioni ya wafanyakazi wa viwandani walikuwa wameshaondoka kwenda makwao. Sikukuu ikaongezwa, barabara zikawekewa vizuizi, na aliyefanikiwa kurudi mara nyingi alitakiwa kukaa karantini siku 14 kabla ya kugusa kazi. Maisha ya kiwanda chenyewe ni mwaliko kwa maradhi. Watu hukaa bega kwa bega kwenye mstari wa kuunganisha, hula bwalo moja, na usiku hupanda vitanda vya deka, sita au wanane chumba kimoja. Foxconn, mkandarasi mkubwa wa kuunganisha vifaa hivi, iliamua kujitengenezea barakoa Shenzhen, ikilenga milioni 2 kwa siku kufikia mwisho wa Februari. Mwanzoni mwa Machi ilikuwa na zaidi kidogo tu ya nusu ya nguvukazi yake ya msimu. Nintendo ilikuwa imeshawaambia wateja wake wa Japani tangu tarehe 6 Februari kwamba konsoli yake ya Switch, vidhibiti vyake na seti za mchezo wa mazoezi wa Ring Fit Adventure vitachelewa.

Hadi hapo wanaotaka kuhama wanaonekana wameshinda. Sasa zitazameni hesabu za Nintendo yenyewe.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2020 kampuni hiyo iliuza Switch milioni 21.03. Mwaka uliofuata, wa korona tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, iliuza milioni 28.83. Hilo ni ongezeko la milioni 7.8, zaidi ya theluthi, kwa mashine iliyokuwa sokoni tangu Machi 2017. Katika maisha yake yote Switch haikuwahi kuuzwa zaidi ya hapo ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ambao tunaambiwa maradhi yaliua uzalishaji ndio uliotoa mashine nyingi kuliko yote.

Msomaji mkali atasema hayo ni mauzo, si uzalishaji, na huenda walimaliza mzigo wa stoo. Ni swali la haki. Kati ya Januari na Machi 2020 ziliuzwa takriban milioni 3.3, na nyingi ya hizo pengine zilikuwa zimetoka kiwandani kabla Wuhan haijafungwa. Lakini stoo haielezi Aprili hadi Juni, zilipouzwa milioni 5.68 dhidi ya milioni 2.13 za kipindi kama hicho mwaka 2019. Huwezi kutoa mashine hizo zote kwenye rafu za zamani. Agosti 2020 kampuni ikasema uzalishaji uliathirika hadi mnamo Mei, na kwamba hali imekaribia kurudi kamili. Miezi minne hivi.

Na bado madukani Switch ilikuwa haipatikani! Hapo ndipo watu wanapochanganya. Rafu tupu haikwambii kama bidhaa haikutengenezwa au ilitengenezwa ikagombaniwa. Dunia ilifungiwa ndani, na tarehe 20 Machi ukatoka mchezo wa Switch uitwao Animal Crossing: New Horizons, ukauza nakala milioni 11.77 kabla ya mwezi kwisha. Maradhi yaliyowarudisha wafanyakazi vijijini ndiyo yaliyowapanga wanunuzi foleni, na foleni ilikua upesi kuliko mstari wa kiwanda.

Kwa nini viwanda viliamka haraka hivyo? Kwa maoni yangu ni kwa sababu ileile wanayoilaumu wakosoaji: vimerundikana. Kwenye delta ya Mto Pearl, kusini mwa China, kuanzia Shenzhen kupita Dongguan hadi Guangzhou, anayetengeneza betri, anayefinyanga plastiki, anayekata kebo na anayechapa maboksi wako ndani ya saa chache za lori. Kipuri kikikosekana kwa huyu, afisa ununuzi anajua nani mwingine anacho. Zaidi ya hapo, walifungwa pamoja wakafunguliwa pamoja. Ukiwatawanya, kila mmoja atafungwa kwa wakati wake, na mashine haikamiliki hadi wa mwisho afunguliwe.

Nukta hiyo ndiyo hupotea kwenye mjadala. Kuwa na kiwanda cha pili kinachofanya kazi yote ya cha kwanza ni jambo moja. Kuigawa kazi moja kati ya nchi tatu ni jambo jingine kabisa, ingawa yote mawili huitwa kutawanya. La kwanza ni bima, ghali. La pili ni kuongeza milango ambayo maradhi yanaweza kuingilia.

Nintendo ilijaribu mapema. Mwaka 2019, kwa kuhofia ushuru, ilianza kuhamishia sehemu ya uunganishaji Vietnam. Februari 2020, Vietnam ikiwa na wagonjwa wa kuhesabu, taarifa zikatoka kwamba kiwanda cha huko kinakosa vipuri. Vilikuwa vinatoka wapi? China. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Vietnam. Mei 2021 mkoa wa Bac Giang ulifunga maeneo manne ya viwanda, mengine yakiwa na karakana za Foxconn, na baadaye maambukizi yalipopamba moto Ho Chi Minh City, viwanda vilivyotaka kuendelea vilitakiwa vifanye watu wafanye kazi, wale na walale palepale. Kulikuwa na mahema yaliyosimikwa kando ya mitambo. Malaysia, inayopima na kufungasha takriban asilimia 13 ya chipu za dunia, nayo ilifungwa katikati ya 2021. Mhamaji aliyapishana maradhi njiani, akayakuta yamefika.

Wanaotaka kuhama bado wana silaha, na nzito zaidi si ya 2020. Kadiri virusi vilivyobadilika ndivyo sera ya China ya kutovumilia hata mgonjwa mmoja ilivyogeuka kuwa hatari yenyewe. Agosti 2021 gati la Meishan katika bandari ya Ningbo lilifungwa takriban wiki mbili kwa mfanyakazi mmoja aliyekutwa na maambukizi. Machi 2022 Shenzhen nzima ilifungwa wiki moja, kisha Shanghai ikafungwa hadi Juni. Oktoba mwaka huo wafanyakazi wa Foxconn huko Zhengzhou waliruka uzio wakaondoka kwa miguu kupitia mashambani, mabegi mgongoni. Kiwanda kile ni cha simu za iPhone, si cha konsoli, lakini mfumo ni uleule: maelfu kwa maelfu ya watu chini ya amri moja ya mkoa. Anayesema usiiachie serikali moja ufunguo wa mlango wako ana hoja, na siwezi kuifuta kwa takwimu za Switch. Ninachosema ni kwamba hoja yake ni ya kisiasa kuliko ya kitabibu.

Turudi kwa PlayStation 5, kwa sababu ndiyo inayotajwa kila mara na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Iliingia sokoni tarehe 12 Novemba 2020, na kufikia mwisho wa Desemba zilikuwa zimeuzwa milioni 4.5. Hazikuwa chache. Pigo lilikuja mwaka wa pili: katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022 Sony ililenga milioni 14.8 ikaishia milioni 11.5. Milioni 3.3 hazikuonekana, wakati ambao sehemu kubwa ya mistari ya kuunganisha ilikuwa inafanya kazi.

Kilichokosekana ni chipu, na kwa nusu ya kisa hicho kirusi ni shahidi tu. Masika ya 2020 watengenezaji wa magari walifuta oda wakidhani soko limekufa. Nafasi yao ikachukuliwa na kompyuta za watu wanaofanyia kazi nyumbani. Magari yalipopata wanunuzi tena, foleni ilikuwa imejaa. Kichakataji kikuu cha PS5, kilichobuniwa na kampuni ya chipu ya AMD na kutengenezwa na kiwanda cha TSMC cha Taiwan, kilikuwa kinagombea mitambo ileile na vichakataji vya Xbox ya Microsoft, vya AMD hiyohiyo. Ila usidhani shida ilikuwa kwenye kichakataji hicho ghali peke yake. Vichipu vya kugawa umeme, vya bei ya chini mno, hutengenezwa kwenye mitambo ya zamani ambayo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuipanua. Ukikosa kimoja, una boksi la vipuri. Hata Steam Deck, mashine ya gemu ya mkononi ya kampuni ya Valve, ilisogezwa kutoka Desemba 2021 hadi Februari 2022 kwa kukosa vipuri.

Kisha walanguzi. Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, ilisema Novemba 2020 ilizuia majaribio zaidi ya milioni 20 ya programu za kununua kwa mashine, ndani ya nusu saa, kwa bidhaa moja tu: PS5. Hilo nalo watu wamelihesabu kama athari ya korona kiwandani.

Wapo wanaosema tatizo ni binadamu, basi aondolewe. Sony ilikuwa na jibu la namna hiyo huko Kisarazu, karibu na Tokyo. Mstari wa mita 31.4 hivi wenye roboti 32 ulikuwa unatoa PlayStation 4 moja kila sekunde 30, na watu wanne tu: wawili wa kuweka bodi tupu mwanzoni, wawili wa kufungasha mwishoni. Kazi ngumu ya roboti hizo ilikuwa kushika vitu vinavyolegea. Mkono mmoja unanyanyua utepe wa kebo, mwingine unausokota na kuuchomeka kwa pembe inayotakiwa, kazi ambayo kidole cha binadamu hakihitaji hata kuifikiria. Ni ustadi wa kuvutia, na maradhi hayana cha kufanya na roboti. Lakini kebo yenyewe lazima itoke mahali.

Kuna mlipuko mwingine ambao sijauona ukitajwa kwenye mjadala huu. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287 huko Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo. Kivu ni sehemu ya ukanda unaotoa madini ya koltani, ambayo metali yake, tantalamu, huingia kwenye vifaa vya elektroniki vya kila aina. Hakuna konsoli iliyotangazwa kuchelewa kwa ajili ya Beni au Butembo, miji iliyokumbwa na ugonjwa huo. Machimbo makubwa yako mbali na kitovu cha ugonjwa ule, hilo ni kweli, lakini pia kati ya mgodi na kiwanda kuna madalali, maghala na viyeyushio ambavyo kila kimoja kina mzigo kidogo. Vidonda vya watu havipimwi kwa mashine za gemu, na isieleweke hivyo. Nasema tu kwamba pale palipo na akiba, mlipuko wa mwanzo wa mnyororo haufiki mwisho wake haraka.

Na hapo ndipo ninapoegemea: akiba ya vipuri vidogo kuliko anwani ya kiwanda. Kampuni ya magari ya Toyota, baada ya tetemeko la Japani la 2011, iliwataka wasambazaji wake watunze chipu za miezi miwili hadi sita. Mwanzoni mwa 2021 wenzake walipokuwa wakisimamisha viwanda, yenyewe iliendelea. Tusiitukuze kupita kiasi. Septemba mwaka huohuo nayo ilikata uzalishaji kwa asilimia 40, kwa kuwa akiba hununua miezi, hainunui miaka. Kwa konsoli, ambayo aghalabu huuzwa kwa faida finyu au hasara mwanzoni, kulaza fedha kwenye vichipu vya miezi sita ni maumivu ambayo mkurugenzi wa fedha hayasahau. Ndiyo maana kutangaza kiwanda kipya Vietnam ni rahisi kuliko kuongeza ghala.

Vietnam hiyohiyo, Aprili 2025, ilitangaziwa na Marekani ushuru wa asilimia 46, na Nintendo ikasogeza oda za awali za Switch 2 huko Marekani kutoka tarehe 9 hadi 24, ingawa ushuru huo ulisitishwa baada ya siku chache. Mashine ilipotoka Juni ziliuzwa milioni 3.5 kwa siku nne, kwa sababu safari hii kampuni ilikuwa imelimbikiza mzigo kwanza.

Ningeiangalia zaidi Korea Kusini kuliko Shenzhen. Samsung na SK Hynix, pamoja na Micron ya Marekani, ndizo zinazoshika soko la chipu za kumbukumbu ambazo kila konsoli inazihitaji, na sasa vituo vya akili mnemba vinazigombania pia. Mwaka 2015 homa ya MERS ilipata watu 186 nchini humo ikaua 38, na hospitali iliyokuwa kitovu cha mwanzo iko Pyeongtaek, mji uleule ambao Samsung ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujenga kiwanda chake kikubwa cha chipu. SK Hynix iliwatenga takriban watu 280 huko Icheon kwa kuhofia mmoja wao. Walikuwa wafunzwa, si waendesha mitambo, na uzalishaji haukusimama.